C Imejaa, D Iko Wazi: Maswali Yenu Kuhusu Partisheni za Diski

Swali: Diski yangu imegawanywa vipande viwili, yaani partisheni C na D. C imejaa hadi imekuwa nyekundu, na D ina GB 200 zisizotumika. Nimepunguza D, nafasi ikapatikana, lakini nikienda kwenye C chaguo la kupanua limefifia. Nimekosea wapi?

Hujaharibu kitu. Nafasi uliyoipata imetokea upande usiofaa, basi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha tazama mchoro ulio chini. Partisheni zimepangana kama viwanja kando ya barabara, kutoka kushoto kwenda kulia. Kipande chenye utepe mweusi juu yake ndicho kisicho na mwenyewe. Windows inaweza kupanua C kwa kuchukua kipande cha namna hiyo kikiwa tu kimepakana na C upande wake wa kulia. Ulipoipunguza D, ilikatwa mkiani. Kwa hiyo ule weusi uko nyuma ya D, na D yenyewe imesimama katikati.

Mimi ningefanya hivi: nakili vyote vilivyomo D kwenye diski ya nje, futa D, panua C kwa kiasi unachohitaji, halafu tengeneza D mpya kwenye nafasi iliyobaki na urudishe vitu vyako. Ipe herufi ileile, ili programu zilizozoea kusoma mafaili huko ziyakute.

Njia ya pili ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye GParted, programu ya bure ya kupanga partisheni, na kuisukuma D kwenda kulia. Inawezekana, lakini fahamu unachokiomba. Kupanua C ni kubadili mpaka, kazi ya sekunde chache. Kuihamisha D ni kubeba kila kilichomo, kipande kwa kipande, na kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua masaa. Ndiyo maana naichagua ile ya kwanza, hata kama inaonekana ndefu.

Ukiona onyo kwamba diski itageuzwa kuwa ya dainamiki, yaani mpangilio mwingine wa diski wa Windows, kataa. Windows yenyewe hairudishi diski kuwa ya kawaida mpaka ufute partisheni zake zote.

Swali: Programu inasema haitafuta kitu. Bado ni lazima ninakili mafaili yangu?

Ni lazima, tena kabla hujaifungua hiyo programu.

Nilikuwa napanga upya diski ya kompyuta mpakato ya dada yangu. Kazi ilikuwa imefika asilimia sitini na kitu, nami nikaenda kupumzika. Waya wa chaja ulikuwa umelegea. Niliporudi nilikuta kioo cheusi, na baada ya kuiwasha ile partisheni haikufunguka kabisa. Picha za wanawe tangu walipozaliwa zilikuwamo humo. Zilipona kwa sababu moja tu: usiku uliotangulia nilikuwa nimezinakili kwenye diski ya nje. Tangu siku hiyo sigusi mpaka wa partisheni kabla sijafungua picha kadhaa kutoka kwenye nakala yenyewe na kuhakikisha zinaonekana. Nakala iliyowekwa kwenye D ya diski hiyohiyo si nakala, maana diski ikianguka zinaanguka zote.

Chomeka chaja vizuri na uzuie kompyuta isilale yenyewe. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data kwa ufunguo, andika pembeni ule ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, kisha usitishe ulinzi huo kwa muda. Kompyuta inaweza kukudai ufunguo ikiwaka, na kama umehifadhiwa ndani ya kompyuta hiyohiyo hautakusaidia.

Swali: C ina GB 120 wazi, lakini Windows inakubali kupunguza GB 4 tu. Kwa nini?

Kwa sababu kuna mafaili yasiyosogezeka yaliyokaa karibu na mwisho wa partisheni, na mpaka hauwezi kuyapita. Mara nyingi ni faili la usingizi mzito la hiberfil.sys, faili la kumbukumbu pepe la pagefile.sys, na data za vituo vya kurejesha mfumo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima kwa muda kumbukumbu pepe na vituo vya kurejesha, washa upya kompyuta, kisha jaribu tena. Ukimaliza, rudisha ulivyovizima. Kumbuka kwamba kuzima vituo vya kurejesha hufuta vile vilivyokuwapo.

Swali: Vile vipande vidogo vya MB 100 na MB 500 naweza kuviunganisha na C?

Viache. Kile cha MB 100 kwa kawaida ndicho cha EFI, ambacho kompyuta hukisoma ili ijue pa kuanzia. Ukikifuta, Windows haitawaka. Kingine kwa kawaida ni cha uokoaji. Hutapata nafasi ya maana hapo.

Swali: Nina diski mbili tofauti. Naweza kuzifanya ziwe partisheni moja?

Usifanye. Zikiunganishwa hivyo, kufa kwa moja kunaweza kuondoka na mafaili ya zote mbili. Hamishia folda kubwa kwenye diski ya pili, inatosha.

Swali: Nimefuta partisheni isiyo yenyewe! Kuna matumaini?

Yapo, ila acha kila kitu sasa hivi. Usitengeneze partisheni mpya, na Windows ikikuomba ufomati, kataa. Kufuta partisheni kwa kawaida huondoa maelezo yake kwenye jedwali la diski; vilivyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Chomoa diski hiyo, iunganishe na kompyuta nyingine, na utumie TestDisk, programu ya bure inayotafuta partisheni zilizopotea. Kwanza nakili mafaili unayoyaona kwenda diski nyingine, ndipo ufikirie kurekebisha jedwali. Kama ni SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, na umeshaifomati, matumaini hupungua sana, kwa sababu mfumo huiambia diski kwamba vile vipande havihitajiki tena, nayo huvisafisha yenyewe.