Ndani hatusemezani: majibu ya maswali yenu

Kijana wangu yuko fomu tuu, mwaka sasa haongei na baba yake. Nimpeleke kwa mshauri peke yake? (Mama, Mbagala)

Hapana mama, nendeni wote watatu. Ushauri wa familia hautafuti mbovu ni nani, unaangalia mnavyoishi. Kuna familia nilikaa nayo, nikamuuliza kijana swali, hajafungua mdomo mama kashajibu, nikauliza tena mama kajibu tena, baba yuko kwenye simu tu. Nikamwomba mama avumilie kidogo, tukakaa kimya, kimya kizito kweli, ndo mtoto akasema, "baba akinipigia ni matokeo tu anauliza." Baba akaiweka simu chini. Sasa angekuja peke yake, baba angeyasikia wapi hayo? Salvador Minuchin, daktari aliyeongoza kliniki ya watoto kule Philadelphia, Marekani, kuanzia 1965, naye alikuwa anaangalia hayohayo, nani anamjibia nani, nani kakaa karibu na nani, hata viti alikuwa anawahamisha.

Mume anasema siri za ndani hazitoki nje, na kama ni usuluhishi wazee wapo.

Wazee wana nafasi yao dada, siwadharau hata kidogo, ila vikao vingi vinaishia kwenye nani kakosa na nani aombe msamaha, mnapeana mikono, wiki ijayo mko palepale. Mshauri hakati kesi, na siri zenu anatakiwa azitunze. Usimwambie "una matatizo", mwambie "nimechoka, naomba twende hata mara moja." Akigoma anza mwenyewe, maana ugomvi wenu unategemea na wewe kuupokea vilevile kila siku.

Mama mkwe akikwazika anamwambia mwanae, mwanae ananifokea mimi. Nifanyeje?

Hiyo ni pembetatu, Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliiandika sana, wawili wakishindwana wanamvuta wa tatu. Hapo mumeo ndo mwenye kazi, aseme kwa upole tu, "mama, hilo mwambie mwenyewe, yupo jikoni." Na wewe vilevile, la mama usimpe mumeo alipeleke.

Bodi ya usuluhishi wa ndoa ndo hiyohiyo?

Hapana. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, kwa kawaida, mpite huko kabla ya kuomba talaka mahakamani. Kwa mshauri mnaenda hata kama talaka hamjaiwaza.

Ananipiga. Twende naye kikao?

Usiende naye dada yangu, sio sasa. Utakachosema mbele yake mnarudi nacho nyumbani, na mlango ukishafungwa mshauri hayupo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ustawi wa jamii kwenye halmashauri yako, na kwa ajili ya watoto kuna namba 116. Leo mwambie mtu mmoja unayemwamini utaenda lini, na kama anaweza mwende wote.