Jibu: Mtoto hatulii tangu kazi ya baba iyumbe

Pole dada. Umeuliza umsaidieje mwanao wa miaka 5 anayekung'ang'ania mchana na kushtuka usiku. Mimi ningeanza na usiku. Kuoga, kupiga mswaki, hadithi moja, kuzima taa: mpangilio uleule kila siku, hata saa ikisogea kidogo. Umri huo hajui saa bado, anachoshika ni kipi kinafuata kipi. Mchoree picha nne ubandike ukutani, awe anakuonyesha yeye kinachofuata. Ratiba ya kutwa nzima achana nayo, mtachoshana bure.

Akiuliza "tutahama?", usimwahidi usichokijua. Mwambie, "Bado hatujajua, ila leo nitakusomea hadithi." Halafu umsomee kweli, hata kama uko hoi.