Kwa nini mkimbiaji aende chuo kidogo kisicholipa miguu

Swali hili limenifikia kutoka kwa wajomba, kutoka kwa makocha wa shule za Keiyo na Marakwet, na kutoka kwa vijana wanaoamka alfajiri kukimbia kwenye vumbi la Iten. Wanauliza: ulikuwa na mbio, mbona ukaenda chuo cha wanafunzi elfu mbili huko Minnesota, Marekani, chuo ambacho hakuna anayekijua hapa nyumbani na ambacho hakitoi hata senti kwa mwanariadha, ilhali vyuo vikuu vya Texas, Alabama na Oklahoma vinatafuta watoto wetu hapa hapa Eldoret? Wengine wameuliza kwa upole. Wengine wamesema wazi kwamba nilitupa kipaji.

Sikukitupa. Nilichagua nikijua ninachokichagua, na kwa kuwa kila mwaka kuna binti au kijana anayesimama mahali niliposimama, acheni nieleze mambo yalivyo huku.

Michezo ya vyuo Marekani husimamiwa zaidi na chama kinachoitwa NCAA, nacho kimegawa vyuo katika madaraja matatu. Daraja la kwanza na la pili huruhusu ufadhili wa riadha, yaani unalipiwa karo kwa sababu ya muda wako wa kukimbia. Daraja la tatu, lenye vyuo zaidi ya 400, limekataza ufadhili wa namna hiyo kabisa. Vyuo vidogo vya shahada ya kwanza kama Amherst, Williams, Haverford, Carleton, Grinnell na Pomona viko huko. Ni vyuo ambavyo anayesomea kemia kwa kawaida hupita pia kwenye falsafa, historia au lugha, na ambavyo hulazimiki kutaja fani yako hadi mwisho wa mwaka wa pili. Profesa ndiye anayekufundisha mwenyewe, darasani mko watu kumi na watano au ishirini, na usipohudhuria atakuuliza kulikoni.

Sasa pesa, maana najua hapo ndipo penye swali lenyewe.

Vyuo hivyo ni ghali kupita kiasi. Vingi sasa vinatoza zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, karo, chakula na malazi pamoja. Hakuna mzazi kule kwetu mwenye fedha hizo, na vyuo vyenyewe vinalijua hilo. Kwa hiyo vile vyenye hazina kubwa hupima uwezo wa familia na kujaza pengo lililobaki. Amherst tangu 2008, na Bowdoin tangu 2022, huamua kumpokea au kumkataa mwanafunzi hata wa kigeni bila kuangalia kama ana pesa, kisha humpa msaada kulingana na hali ya kwao. Vyuo vingine huangalia uwezo wako kabla ya kukupokea, na hapo ushindani kwa mgeni huwa mkali sana, lakini vile vyenye ahadi ya kujaza pengo lote vikishakupokea hulijaza.

Kuna fomu ya kueleza mapato ya wazazi, nayo inachosha. Inauliza thamani ya nyumba, idadi ya magari, akiba ya benki. Baba yangu aliketi nami mezani tukahesabu magunia ya mahindi yaliyokwenda bodi ya nafaka, tukachukua risiti za chama cha ushirika cha maziwa, tukaomba barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba shamba ni la familia nzima wala si lake peke yake. Kila kitu tuliandika kama kilivyo. Chuo kilirudisha barua inayosema familia italipa kiasi gani, na kiasi hicho kilikuwa chini ya karo ya shule ya bweni niliyosoma kidato cha nne. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza, na ni nzito.

Sababu ya pili imo ndani ya hiyo ya kwanza: msaada ule ulitolewa kwa hali ya baba yangu. Haukutolewa kwa miguu yangu.

Mwaka wangu wa pili nilipata ufa kwenye mfupa wa muundi. Msimu mzima wa mbio za nyika nilitembea na magongo, kisha nikawa mtu wa bwawa la kuogelea na baiskeli ya ndani. Kocha alikuja kuniona, akanipa kazi ya kushika saa siku za mazoezi ili nisijitenge na wenzangu. Lakini karo yangu haikutikisika hata kidogo. Hakuna barua iliyokuja, hakuna mkutano nilioitiwa. Muhula uliofuata msaada ulikuwa uleule, kwa sababu baba bado alikuwa anauza mahindi yaleyale.

Ninao rafiki wa kike kutoka Nandi aliyekuwa katika chuo kikubwa kusini, mwenye kasi kunizidi mbali. Yeye pia aliumia. Hakufukuzwa, lakini kila jioni alikuwa akifanya hesabu: nikikosa msimu huu, kocha atauhuisha ufadhili wangu mwakani? Ufadhili wa riadha mara nyingi hutolewa mwaka mmoja mmoja. Ligi kubwa zimeweka kanuni za kumlinda aliyeumia, na hilo ni jambo jema, ila binti wa miaka ishirini aliye maelfu ya maili kutoka kwao, mwenye maumivu, halali vizuri kwa sababu ya kanuni. Alirudi kukimbia kabla mguu haujapona.

Watu nyumbani pia hudhani daraja la kwanza maana yake ni kulipiwa kila kitu. Kwa miaka mingi, hadi 2025, timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu, na hizo zilipaswa kugawanywa kwa wakimbiaji wa masafa marefu, wa mita mia, warusha mkuki, waruka juu, wote. Wanawake walikuwa na 18. Ndiyo maana kijana anaambiwa amepata ufadhili, akifika anakuta ni nusu au robo. Mwaka 2025 makubaliano ya mahakamani yaliondoa kikomo hicho, lakini kwa vyuo vilivyoyakubali yakaleta kikomo cha idadi ya watu kwenye timu: katika mbio za nyika ni wakimbiaji 17. Nafasi imekuwa finyu, na anayeitwa kutoka Kenya anaitwa alete pointi mara moja. Hapewi miaka miwili ya kuzoea baridi na chakula.

Katika mbio za nyika timu hupanga watu saba, watano wa kwanza huhesabiwa, nafasi zao hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo hushinda. Kwa hiyo mtu wa tano ana kazi kubwa sana, mara nyingi yeye ndiye anayeamua. Mimi nilikuwa wa tano au wa nne miaka yangu yote. Nyumbani, binti wa tano katika mbio za kaunti hurudi shuleni na hakuna anayemwuliza lolote. Kule nilisubiriwa kwenye mstari wa mwisho. Siku za mashindano ya nyumbani timu yetu yote ilikimbia, hata walio polepole kabisa, na hakuna aliyepanda basi kabla wa mwisho hajamaliza. Wengi wao hawakuwa na ndoto ya Olimpiki. Walitaka kuwa madaktari, walimu, wahandisi, na walikimbia kwa kuwa wanapenda kukimbia. Sikuwa nimewahi kuona hilo. Kwetu mbio ni njia ya kutoa familia kwenye shida, na sisemi hilo ni baya, mimi mwenyewe nimelelewa nalo. Lakini nilikimbia vizuri zaidi maishani mwangu nilipokimbia na watu ambao hawakuhofia chochote.

Kocha Al Carius wa North Central College, huko Naperville karibu na Chicago, alianza kazi pale 1966 na kwa miongo mingi aliwafundisha wanafunzi wake wakimbie kwa furaha na kwa kuboresha muda wao wenyewe. Wanaume wa chuo hicho wana mataji mengi ya mbio za nyika ya daraja la tatu kuliko chuo kingine chochote. Msidhani basi huko watu wanatembea. Mwaka 1997 Karl Paranya wa Haverford, chuo chenye wanafunzi wachache kuliko baadhi ya sekondari kubwa za kwetu, alikimbia maili chini ya dakika nne, wa kwanza wa daraja la tatu kufanya hivyo. Na wazee wa Nandi wanamkumbuka Peter Rono, aliyetoka mikononi mwa kocha Brother Colm pale shule ya St. Patrick's Iten akaenda Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki katika mji wa Emmitsburg, Maryland. Alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho alipochukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 huko Seoul, 1988.

Pamoja na hayo, chuo kidogo hakimfai kila mtu.

Kama una muda wa kweli wa kimataifa na lengo lako ni kuvaa jezi ya taifa, nenda panapoendana na lengo hilo. Edwin Kurgat alitwaa ubingwa wa nyika wa daraja la kwanza 2019 akiwa Iowa State, na Doris Lemngole akautwaa 2024 akiwa Alabama. Pale kuna ushindani wa kila wiki unaokunoa, madaktari wa timu, safari za ndege. Sisi tulisafiri kwa basi, na mara nyingine mkate tulipaka siagi ya karanga wenyewe maegeshoni.

Na kama kwenu wanasubiri pesa, wajue mapema. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nilipanga vitabu maktabani na kuosha sahani mkahawani, na malipo yake yalitosha sabuni, koti, simu na kidogo cha kutuma. Zawadi za fedha za mbio za barabarani usiziguse, unaweza kupoteza haki ya kukimbia chuoni na kujiletea matatizo ya viza. Miaka ile minne ndugu walipopiga simu kuuliza kwa nini fulani aliye Marekani amejenga na mimi sijajenga, jibu lilikuwa hilo. Iliniuma, kwa sababu nilijua hawaulizi kwa ubaya.

Baridi ni kali. Januari Minnesota mazoezi mengi ni ndani, kwenye uwanja wa mita 200 wa kuzunguka mpaka kichwa kinauma, na jua linazama karibu saa kumi na moja jioni. Mwafrika mwenzako unaweza kumtafuta chuo kizima. Masomo nayo ni mengi kuliko nilivyoambiwa: kila wiki kuna insha, na maabara ya kemia ikigongana na mazoezi, unakwenda maabara. Kocha wetu alikuwa akisema hivyo mwenyewe. Nilikimbia peke yangu gizani baada ya maabara, nikafaulu kemia, na ndiyo inayonilisha leo katika maabara ya hospitali.

Kwa wazazi nina ombi moja. Baada ya yaliyowapata wazazi wa Uasin Gishu waliolipa fedha za masomo ya Finland na Canada kisha watoto wakakwama, msimpe mtu pesa kwa ahadi ya chuo cha Marekani. Barua pepe za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo, na kumwandikia kocha ni bure. Kwa wenye alama za juu sana za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, upo mpango wa KenSAP ulioanzishwa 2004 na John Manners na Mike Boit, yule wa shaba ya mita 800 ya Olimpiki ya Munich, na umepeleka vijana wa Bonde la Ufa vyuo vikubwa na vidogo.

Na si kila chuo kidogo ni chema. Vipo vinavyotangaza zawadi ya dola elfu ishirini na tano kwa mwaka kwa herufi kubwa, halafu vinaacha pengo la elfu thelathini ambalo hamtalipa hata mkiuza shamba. Barua ikija, msisome kilichotolewa. Someni kilichobaki, zidisheni kwa minne, ongezeni nauli na bima ya afya.

Kijana akimwandikia kocha, aeleze muda wake na amekimbia wapi, maana kocha anayejua Iten iko mita 2,400 juu ya bahari atausoma muda huo tofauti. Aeleze alama zake zote bila kuficha ile ya chini. Amwulize: nikiumia mwaka mzima, msaada wangu utabaki? Nikiacha kukimbia kabisa, utabaki? Katika daraja la tatu jibu la kweli ni ndiyo, na kocha atalisema bila kusita. Neno lake kwenye ofisi ya udahili lina uzito, ila hawezi kukuingiza kama alama hazipo, na anayesema anaweza hasemi kweli.

Tarehe za maombi ni kati ya Novemba na Januari, na matokeo ya KCSE huchelewa, kwa hiyo wengi wetu hukaa mwaka mmoja nyumbani kabla ya kuja. Mwaka huo si wa bure. Kimbia, soma kwa ajili ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na mtihani wa Kiingereza, na kusanya zile risiti za maziwa. Anayetaka barua yake kwa kocha isomwe kwanza anitumie, nitaisoma na kuirudisha na maoni yangu.