Maswali na majibu: Injini ya zamani iliyofungwa upya

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu waliofufua pikipiki za wazee wao: Honda CG125, Yamaha DT175, Vespa za pwani. Nafurahi sana kuona vyombo hivi vinarudi barabarani. Ila nimeomba mara nyingi na naomba tena: ukiuliza, taja aina ya pikipiki, taja kama ni tustroki (inayounguza oili pamoja na petroli) au fostroki (oili yake inakaa peke yake), taja saizi ya pistoni uliyoweka na nani alipima silinda. "Pikipiki yangu inatoa moshi, tatizo nini?" ni swali ambalo hata fundi aliyezeeka kazini hawezi kulijibu.

Nimefunga injini ya Honda CG125, pistoni ya 0.50 (iliyozidi saizi ya asili kwa nusu milimita). Niende polepole kilomita ngapi kabla ya kuifungulia? Fundi anasema kwanza niiache sailensi, yaani ikiwaka bila kuvutwa mafuta, usiku kucha. (Songea)

Usiiache sailensi hata nusu saa, achilia mbali usiku kucha. Ushauri huu umeua injini nyingi nzuri, na unaendelea kupita kutoka gereji moja hadi nyingine kwa sababu unaonekana ni wa upole.

Ringi mpya, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, bado haijashika umbo la silinda. Inayoikandamiza ukutani si nguvu ya chuma chake peke yake. Msukumo wa moto unapita juu ya pistoni, unaingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Injini ikiwa sailensi moto huo ni mdogo mno. Oili inaungua kidogo kidogo ukutani, inaacha utando unaong'aa kama kioo, na ile mistari ya kukatizana iliyochongwa na jiwe la kusugulia silinda inazibwa. Ikifika hapo ringi hazitakaa tena hata uendeshe mpaka Mbeya na kurudi. Utafungua silinda na kuisugua upya. Isitoshe injini hii inapozwa na upepo, na pikipiki iliyosimama gereji haina upepo.

Fanya hivi. Kabla ya kuwasha, toa plagi na upige kiki mpaka uone oili imepanda kwenye roka, vile vyuma vya juu vinavyosukuma valvu. Washa, angalia dakika mbili tatu kama kuna panapovuja, kisha ingia barabarani. Tafuta njia tambarare isiyo na magari mengi. Ukiwa gia ya tatu vuta mafuta mpaka nusu, pikipiki ichangamke, halafu achia kabisa ijivute yenyewe kwa injini. Unapovuta, ringi zinakandamizwa ukutani. Unapoachia, oili inanyonywa juu na kuosha vumbi la chuma. Rudia mara kumi hadi kumi na tano, rudi nyumbani, iache ipoe kabisa. Poa kweli, ya kushika silinda kwa kiganja.

Ikishapoa kaza tena nati za kichwa, kisha pima tapeti (mwanya kati ya roka na valvu), kwa sababu ukikaza kichwa tapeti nazo zinabadilika. Kwa CG125 ni milimita 0.08, intake na eksozi, injini ikiwa baridi. Pistoni iwe juu kwenye alama ya T na pushirodi zote mbili (fimbo zinazosukuma roka) ziwe zinalegea. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha krenki mara moja zaidi.

Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 50. Najua inauma, umeinunua juzi. Lakini Honda hii haina filta ya karatasi kama ya gari. Ina wavu, na kikombe kinachozunguka na kunasa uchafu kwa mzunguko wake, basi. Vumbi la chuma la siku za kwanza linatoka kwa kumwaga. Mwaga tena kwenye 500. Katika hizo 500 usibebe abiria wala gunia, usipande mlima kwa gia kubwa injini ikikoroma, na usishikilie mwendo mmoja saa nzima. Kukoroma kwa gia kubwa kunaumiza injini mpya kuliko kuizungusha kwa kasi ya wastani.

Naweza kutumia oili ya gari? (Mwanza, Tanga, na wengine wengi)

Hapana, kama kopo limeandikwa kwamba inaokoa mafuta. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo na itateleza. Tafuta kopo lenye alama ya JASO MA, ya oili inayofaa klachi za namna hiyo. Kwa injini mpya chukua ya kawaida ya madini, ile ya bei kubwa ya sinthetiki subiri mpaka ringi zikae. Nimejibu swali hili mara nyingi, tafadhali lihifadhini.

CG125 yangu inatoa moshi wa bluu tangu ovahol (injini kufunguliwa na kufungwa upya). Nimebadilisha ringi mara mbili, bado. (Dodoma)

Ndugu, umenunua ringi mara mbili na hujaniambia moshi unatoka wakati gani. Hapo ndipo jibu lilipo. Ukitoka ukiwasha asubuhi kisha unakoma, angalia sili za valvu. Ukitoka pale unapoachia mafuta kwenye mteremko halafu unavuta tena, gaidi za valvu (mirija ambamo valvu hupanda na kushuka) zimepanuka na ringi hazina kosa lolote. Ukitoka muda wote unapovuta mafuta, sasa tuzungumze kuhusu silinda.

Toa plagi, pima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa. Kisha tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki kidogo, pima tena. Ikipanda sana, hewa inapita kwenye ringi. Isipobadilika, inapita kwenye valvu au gasketi ya kichwa.

Na kama ni ringi, ringi ya tatu haitakusaidia. Tia ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawasawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia). Silinda ya CG125 ni milimita 56.5, kwa pistoni ya 0.50 inakuwa 57. Mwanya ukiwa chini ya 0.15, ncha zitagusana injini ikipata moto na ringi itavunjika. Ukiwa zaidi ya nusu milimita, ama silinda imechongwa kupita kiasi ama umeuziwa ringi zisizo za saizi hiyo. Pima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Ikiwa na umbo la yai hakuna ringi duniani itakayoziba.

Nilipoteza silinda yangu ya kwanza kwa kosa dogo kuliko hayo. Ilichongwa vizuri, nikaiosha kwa petroli, ikaonekana inang'aa. Petroli inaondoa mafuta lakini inaacha unga wa jiwe umejificha ndani ya mikwaruzo, na ule unga ni msasa. Ndani ya kilomita mia chache ringi zilikuwa zimelika zikawa nyembamba kama wembe. Tangu siku hiyo naosha silinda kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, nafuta kwa kitambaa cheupe, naosha tena, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Halafu oili papo hapo, kabla kutu haijaanza. Fundi asiyekuwa na kitambaa cheupe gerejini kwake mwogope.

Yamaha DT175 imekamata (pistoni imekwama ndani ya silinda) mara ya pili, zote ndani ya kilomita 20. Fundi anasema pistoni ni feki. (Kigoma)

Huenda ni feki. Lakini pistoni mbili mfululizo? Kabla hujanunua ya tatu, isome ya pili. Ikikwaruzika zaidi upande wa eksozi, ilipata joto kupita kiasi, maana yake petroli ilikuwa chache au hewa ilikuwa nyingi. Alama nne zilizogawanyika kwenye pembe zake zinasema silinda imechongwa kwa kubana mno, au uliivuta ikiwa bado baridi. Ikikwaruzika kuizunguka yote, ilikosa oili.

Kwa DT ninaishuku kwanza sili ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) upande wa sumaku, kushoto. Ikipasuka inavuta hewa kavu, sailensi inapanda yenyewe, na pistoni inayeyuka huku unahangaika na kabureta. Ya kulia ikipasuka, injini inakunywa oili ya giaboksi na kutoa moshi mweupe mzito. Kila unapofungua tustroki ya umri huu badilisha sili zote mbili, hata zikionekana nzima. Kupima ni rahisi: ziba njia ya kabureta na ya eksozi, ingiza upepo kidogo sana kwa pampu ya baiskeli, kama pauni sita kwa inchi ya mraba, pakaza maji ya sabuni kila kiungio. Povu litakuonyesha.

Pili, pampu ya oili. Ukiifungua ukairudisha bila kutoa hewa kwenye mpira wake, injini inakimbia kilomita za kwanza bila oili, ndizo hizo 20 zako. Legeza skrubu ya kutolea hewa, subiri mpaka itoke oili tupu isiyo na mapovu. Tangi la kwanza changanya pia mililita 20 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli. Kama pampu ilishaondolewa, tia mililita 50 kwa lita wakati wa kuizoesha. Pima kwa chombo chenye alama, si kwa macho. Usizidishe ukidhani unailinda, kwa sababu oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti (tundu la petroli ndani ya kabureta) inapungua na injini inachemka zaidi.

Na angalia ringi. Kwenye tustroki kila ringi ina kipini chake kwenye pistoni, ncha zake lazima zikumbatie hicho kipini. Mshale wa pistoni uelekee eksozi. Klipu za pini ziwe mpya kila mara.

Silikoni inatosha bila gasketi? (Mombasa)

Hapana. Inayobanwa ndani inakatika vipande, inaenda kuziba tundu jembamba linalopandisha oili kwenye roka. Kemu (mhimili unaoendesha valvu) na roka zilizokauka utazisikia mapema, na utazilipia.

Vespa yangu ya zamani inazima ikipata moto, ikipoa inawaka kwa kiki moja. Kabureta imesafishwa mara tatu. (Zanzibar)

Iache kabureta. Siku itakapozima, pale pale barabarani fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa, tundu la kupumulia limeziba na umemaliza. Kama hakuna sauti, toa plagi, iguse kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, piga kiki uangalie cheche. Cheche nyekundu dhaifu, au hakuna kabisa, wakati asubuhi ilikuwa ya bluu yenye nguvu: badilisha kondensa kwanza, kile kikopo kidogo cha umeme kinacholinda pointi, kwa sababu ni rahisi na ndiyo inayokufa mara nyingi kwa joto. Kisha koili. Safisha na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke), maana kondensa mbovu huwa imeziunguza. Fanya jaribio hili injini ikiwa ya moto. Ukisubiri ifike gereji itakuwa imepoa, fundi ataona cheche nzuri, na ataosha kabureta mara ya nne.

Plagi iwe na rangi gani? (Iringa)

Kahawia, kama mbegu ya ukwaju. Nyeupe, simama usiendelee.