Usifomati kadi bado: sikiliza kwanza Raspberry Pi inavyokataa SSH

Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Jumapili, nilifuta rekodi za miezi 8 kwa mkono wangu mwenyewe. Raspberry Pi 3 yangu, kompyuta ndogo inayohifadhi mfumo na mafaili yake kwenye kadi ya kumbukumbu, ilikuwa imefungwa kwenye banda la vifaranga la mama, uani, ikipima joto kila baada ya dakika 5 na kuliandika. Nikakaa sebuleni na laptopu, nikaandika kama kawaida amri ya SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao na kuiendesha kwa maandishi, mshale ukabaki unapepesa. Muda ukapita, yakatokea maneno matatu: "Connection timed out". Nikarudia, yakaja yale yale. Nikachukua tochi, nikaenda bandani, nikachomoa kadi, nikaifomati na kuweka mfumo mpya. Baada ya saa mbili za kazi hiyo nikapiga tena. "Connection timed out".

Hapo ndipo nilipotazama anwani ya laptopu yenyewe kwenye mtandao. Ilikuwa 192.168.2.14, na Pi ilikuwa 192.168.1.23. Tofauti yenye maana iko kwenye namba ya tatu kati ya zile nne, 2 badala ya 1. Ruta yetu inarusha waifai mbili, ya nyumbani na ya wageni, na ile ya wageni imewekwa makusudi isivione vifaa vya ndani. Mchana binamu yangu aliitumia laptopu akaiunganisha na ya wageni. Pi ilikuwa nzima muda wote ule. Mama alikuwa akizitegemea rekodi zile kujua lini ainue taa na lini aishushe, na asubuhi sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole.

Tangu siku hiyo siigusi Pi kabla sijasoma ujumbe neno kwa neno, na ndilo ninalokuomba na wewe ulishike. SSH ikishindwa hukuambia imeishia wapi. Ichukulie kama hodi. Kuna hodi isiyoitikiwa na mtu. Kuna hodi inayoitikiwa kwamba leo hatupokei wageni. Na kuna mwenyeji anayetoka hadi mlangoni, akakutazama, akasema hakujui. Kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

"Connection timed out" na "No route to host" ni hodi isiyoitikiwa. Umegonga, lakini sauti haikufika. Kwa hiyo neno la siri halihusiki hapa, funguo (mafaili yanayotumika badala ya neno la siri) hazihusiki, na kadi kwa kawaida haihusiki vilevile. Tafuta njia ilipokatika. Anza na laptopu yako: iko kwenye waifai ipi, na je, kuna VPN, programu inayopitisha mtandao wako njia nyingine, uliyoisahau imewaka? Kisha ulizia kama Pi bado ina anwani ile ile. Kwetu umeme hukatika na kurudi, na ruta ikiwaka upya hugawa anwani upya. Pi iliyokuwa 23 jana inaweza kuamka leo ikiwa 31, na wewe unaendelea kugonga nyumba iliyohamwa. Fungua ukurasa wa ruta, mara nyingi uko 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uone orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Pi 3 na za kabla yake zina anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, inayoanza na b8:27:eb, na Pi 4 nyingi huanza na dc:a6:32, kwa hiyo utaitambua hata kama haina jina. Ukiipata, iagize ruta iipe anwani hiyo hiyo kila siku. Karibu ruta zote zina sehemu ya kufanya hivyo. Kazi ya dakika mbili, na itakuondolea nusu ya matatizo yote ninayoyaeleza hapa.

Unaweza pia kuita kwa jina, raspberrypi.local au jina ulilolipa mwenyewe. Hufanya kazi vizuri kwenye mitandao mingi ya nyumbani, ila likikataa usilichukulie kama ushahidi kuwa Pi imekufa, kwani baadhi ya ruta huzuia njia hiyo ya kuitana. Na kama umebadilisha ruta hivi karibuni, kumbuka kuwa Pi 3 Model B na Zero W zinasikia waifai ya 2.4 GHz tu. Ukiwasha ya 5 GHz peke yake, hazitaiona kamwe.

"Connection refused" watu wengi huuchukia, mimi nikiuona hupumua. Maana yake kuna kompyuta hai kwenye anwani hiyo na imekujibu, isipokuwa poti ya 22, mlango wa SSH, haina anayesikiliza. Kama umewasha Pi sasa hivi, ngoja dakika moja ndipo urudie. Ikiendelea, SSH haijawashwa. Tangu Novemba 2016 mfumo rasmi wa Raspberry Pi huja na SSH ikiwa imezimwa, na ulikuwa uamuzi mzuri, maana watu waliziacha Pi zao wazi kwa neno la siri ambalo dunia nzima inalijua. Weka faili tupu lenye jina ssh kwenye sehemu ya boot ya kadi, rudisha kadi, washa. Ukiwa na kibodi kwenye Pi, sudo systemctl enable --now ssh inatosha. Hakuna cha kufomati.

Sasa tuje kwenye "Permission denied", ambako nimeona watu wakipoteza siku nzima. Hapa mtandao ni mzima, anwani ni sahihi, SSH inafanya kazi. Kinachokataliwa ni utambulisho wako. Sababu ya kwanza ni maelekezo ya zamani: mafunzo mengi bado yanasema jina ni pi na neno la siri ni raspberry. Tangu Aprili 2022 mtumiaji huyo haji tena na mfumo. Unamtengeneza wewe, na njia rahisi ni kumjaza kwenye mipangilio ya Raspberry Pi Imager, programu ya kuweka mfumo kwenye kadi, kabla ya kuandika kadi. Ukiandika ssh bila jina la mtumiaji, laptopu hutuma jina lake yenyewe, ambalo Pi haijawahi kulisikia.

Sababu nyingine ilinifundisha kijana mmoja wa mtaani aliyeniletea Pi yake. Ikiwa na kibodi na televisheni aliingia bila shida, kwa SSH alikataliwa, neno la siri lile lile. Alikuwa ameapa kuwa halikosei, na kweli hakulikosea. Nikamwomba afungue teminali kwenye Pi na abonyeze Shift na 2, mahali pa alama ya @ kwenye kibodi yake. Kwenye skrini ikatokea alama ya nukuu ". Mfumo ule huja ukidhani kibodi ni ya Uingereza, ambako alama hizo mbili zimebadilishana nafasi. Neno la siri alilolitunga lilikuwa na @ machoni pake, lakini Pi ilipokea ". Tukarekebisha kibodi ndani ya menyu ya mipangilio, sudo raspi-config, akaweka neno jipya kwa passwd, akaingia kwa laptopu palepale. Neno la siri halionekani unapoliandika, ndiyo maana kosa hili hujificha vizuri sana.

Kwa wanaotumia funguo, SSH hukagua nani mwingine anaweza kuligusa faili lako. Ruhusa za folda ya .ssh ziwe 700 na za faili la authorized_keys ziwe 600, yaani wewe peke yako, na folda yako kuu isiandikike na wengine. Wengine wakiweza kuandika humo, ufunguo sahihi utapuuzwa kimya kimya. Ongeza -v kwenye amri, ssh -v, uone hatua kwa hatua funguo zipi zimetolewa na zipi zimekataliwa.

Ukikutana na onyo kubwa la herufi kubwa lisemalo "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED", jiulize umeweka mfumo upya? Kama ndiyo, ondoa alama ya zamani ya Pi iliyohifadhiwa kwenye laptopu kwa ssh-keygen -R na anwani ya Pi, uendelee. Kama hukubadilisha chochote, simama. Huenda kifaa kingine kimechukua anwani ile, na hupaswi kukipa neno lako la siri kabla hujajua ni nani.

Kuna Pi inayokubali, ukafanya kazi dakika tatu, ikakata. Hapo mimi hutazama chaja. Pi 3 inataka adapta ya ampea 2.5 na Pi 4 ampea 3, na waya mwembamba wa simu wa mita mbili hupunguza volti njiani hata chaja ikiwa nzuri. Andika vcgencmd get_throttled. Jibu la 0x0 ni salama. Ukiona 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani tangu Pi ilipowaka. 0x50005, umeshuka hata sasa hivi. Yangu ya bandani ilitoa 0x50000 kila siku hadi nilipoubadilisha waya.

Kuingia ukiwa mbali na nyumbani ni habari nyingine. Kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo hata ukifungua poti kwenye ruta, hakuna kinachofika. Ukiona anwani ya nje ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, usijichoshe na poti. Tumia Tailscale, huduma inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, au njia nyingine ya aina hiyo, ambayo Pi yenyewe ndiyo huanzisha mawasiliano kuelekea nje. Na kama una anwani ya kweli ya nje, nakusihi usiiache poti ya 22 wazi kwa neno la siri. Niliwahi kufanya hivyo kwa siku moja, na kumbukumbu za SSH zilijaa watu nisiowajua wakijaribu majina ya root, admin na pi.

Kama umefuata yote na bado kimya, chomeka televisheni na kibodi kwenye Pi uone inasema nini ikiwaka. Na kadi ikilazimika kutolewa, iweke kwanza kwenye kompyuta yenye Linux. Sehemu ya pili ya kadi itafunguka kama folda ya kawaida, na ndani ya home utakuta mafaili yako. Yanakili kwenye fleshi ndipo ufomati. Usiku ule rekodi za mama zingeniomba dakika 10 tu.