Tovuti Inayosinyaa Kwenye Simu

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza sato na dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Tovuti niliyotengenezewa inapendeza kwenye kompyuta, lakini wateja wanalalamika kwamba kwenye simu maandishi ni madogo mno na picha hazifunguki upesi. Je, nitengeneze nyingine ya simu pekee?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Tangu mwaka 2010, Ethan Marcotte wa Marekani alipoeleza jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kujipanga kulingana na upana wa skrini, hakuna haja ya kulipia tovuti mbili. Fundi wako akague kwanza kichwa cha HTML, yaani sehemu ya mwanzo ya msimbo wa ukurasa: pasipo agizo la width=device-width, linaloutaka ukurasa ufuate upana wa skrini ya simu, brauza (programu za kufungulia tovuti) nyingi za simu huuchukulia ukurasa kuwa na upana wa pikseli (nukta za skrini) 980 hivi, kisha huusinyaza wote uenee kiooni, na ndiyo maana bei ya kilo ya sato haisomeki.

Picha ndizo zinazomlia mteja bando. Zipunguzwe, zihifadhiwe kwa WebP, muundo wa faili za picha nyepesi, na zile za chini ya ukurasa zipewe agizo la loading="lazy" ili zisipakuliwe mpaka msomaji azikaribie; ya juu kabisa isipewe, kwani itachelewa bure. Mapambo yanayorukaruka, ambayo binafsi siyapendi, yanaweza kusubiri.