Kofia mkononi, mkasi sandukuni: kusafiri na kazi ya sindano kutoka Lamu

Kila mtu wa kwetu anayejitayarisha kwenda ng'ambo, awe anakwenda kumtazama mtoto Uingereza au anakwenda Umra, akiwa ni mshonaji ataniuliza: sindano zitapita? Mara nyingi hupita. Mimi nashughulishwa zaidi na jambo jingine: wakikuchukulia sindano, kazi yako itasalimika? Jipange kwa hilo kwanza.

Kanuni zenyewe si ngumu. Marekani, mamlaka ya usalama wa viwanja vya ndege, TSA, inaruhusu sindano za kufumia na za kushonea kwenye mkoba wa mkononi, na mkasi pia, ikiwa makali yake hayafiki inchi 4 ukipima kuanzia pale penye msumari unaoshika pande zake mbili. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya wanataka makali yasizidi sentimita 6. Kile kikata uzi cha mviringo chenye wembe ndani, Marekani hawakitaki mkononi kabisa, kitie sandukuni. Juu ya yote hayo, mwenye neno la mwisho ni afisa aliyesimama penye mashine. Na sisi wa Lamu safari yetu ina vituo: Manda, kisiwa cha jirani chenye kiwanja chetu cha ndege, Nairobi, mji wa kubadilishia ndege, ndipo ufike. Kila kituo wanakagua. Basi shika kanuni iliyo kali zaidi njia nzima, usitazame ya nchi uendayo peke yake. Mkasi mzuri, hasa ukiwa wa kurithi, ufunge kwenye sanduku. Mkononi chukua ule mdogo wa watoto wa shule wenye ncha butu, ambao ukienda umekwenda.

Kofia yenyewe unayoishona kwa mkono, lakini, usiithubutu kuitia sandukuni. Masanduku hupotea. Kofia nzuri ya Lamu ni kazi ya miezi, na hakuna shirika la ndege litakalokulipa miezi yako.

Kwa wanaofuma sweta na soksi, nawaomba mfanye hivi kabla ya kutoka nyumbani. Twaa uzi mwembamba wa rangi nyingine, utie kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vya mstari wa mwisho, kimoja kimoja, bila kuruka. Acha ncha zake zining'inie pande zote mbili. Afisa akizitaka sindano, mpe. Vitanzi vitakaa pale pale juu ya ule uzi mpaka upate nyingine, hakifumuki hata kimoja. Mimi napendelea sindano za mianzi zilizounganishwa kwa waya laini katikati, kwa sababu ni fupi, hazimchomi jirani wa kiti, na kazi hulala kwenye waya unapoletewa chakula. Wa kroshia mna raha zaidi, kitanzi chenu ni kimoja tu. Kitieni pini kikae.

Lakini kwa ndani ya ndege, kofia naiona bora kuliko zote. Nakshi yake ni vitundu vidogo: tundu unalitoboa, unalizungushia uzi mpaka ukingo usimame, umemaliza. Unahamia la pili. Ukiambiwa funga mkanda, unaacha bila hasara. Taa za ndege ni hafifu kwa kutunga uzi, kwa hiyo tunga sindano kadhaa ukiwa bado nyumbani, kwenye mwangaza wa mchana, uzichomeke kwenye kipande cha sponji. Nawa mikono kila ukitaka kuanza. Kitambaa cheupe hakisamehe mafuta ya chakula, na chai ndiyo kabisa.

Weupe huo huo ndio unaonifanya nisisitize mkebe wenye kifuniko kinachobana. Boti ya kuvuka kwenda Manda, upepo ukiwa mkali, hurusha maji ya chumvi mpaka mapajani. Usitegemee mfuko wa rambo, ulipigwa marufuku Kenya tangu 2017. Mkebe wa chakula unatosha, tena hauzidishi uzito, maana baadhi ya ndege ndogo za huku hazikupi zaidi ya kilo 15.

Uzi ununue wote hapa na uzidishe kidogo. Weupe una namna nyingi, na mshono uliounganishwa kwa uzi wa duka jingine huonekana hata kwa asiyejua kushona.

Kina mama mnaosuka ukili, neno lenu ni hili. Milala, yale majani ya kusukia, ni mmea, hata ikiwa imekauka na kutiwa rangi. Marekani, Australia na New Zealand wanataka vitu vya mimea vitajwe kwenye fomu ya forodha, na asiyetaja hutozwa faini. Andika, uonyeshe, uwaachie wakague. Kwa Australia hasa, ningekushauri uiache milala nyumbani uchukue kofia.